Saiti ya barabara: mwongozo kamili wa kuipanga ndio mtu wa bendera arudi nyumbani, na dereva pia

Mimi hii kazi nilianza nikishika bendera. Bendera yenyewe ilikuwa kipande cha gunia nyekundu kimefungwa kwa kijiti cha blugam, fomeni akanipatia saa moja asubuhi karibu na Chavakali akaniambia "simamisha hao, achilia hao," akaenda zake. Pa kusimama hakunionyesha, pa kukimbilia hakunionyesha, na kufika saa nne nilikuwa nimeruka mtaroni mara mbili. Sahi ndio mtu wa sefti, yaani usalama wa saiti, nimezunguka na makontrakta tofauti Kakamega, Kisumu, Kericho mpaka huku Nakuru, na nikikumbuka ajali zenye nimeona na macho yangu, nyingi zilianza na kibao kilichodanganya. Dereva wa matatu ya Kisumu–Kakamega anapita hapo labda mara sita kwa siku, sasa wewe umeacha kibao cha "watu kazini" kimesimama Jumapili mzima na hakuna hata mbuzi barabarani, Jumatatu akikiona ataamini aje? Anakanyaga mafuta, na huyo kijana mwenye bendera yuko kona ya pili.

Kwa hivo kila kitu nitasema hapa chini kinarudi hapo tu: chochote umeweka barabarani kiseme ukweli wa kile kiko mbele. Ukishika hio, zingine utazipanga vizuri hata bila kusoma hadi mwisho, lakini soma.

Kabla hujashusha hata koni moja

Kwanza ujue barabara ni ya nani. Kuna mashirika ya serikali ya barabara: zile kuu ni za KeNHA, za mjini KURA, za mashambani KeRRA, na zingine ni za kaunti. Huwezi funga leni ya mtu bila kumwambia, unapeleka mpango wako umechorwa, na stesheni ya polisi ya hapo trafiki wajue mapema ni siku gani na saa ngapi. Watu huona hio ni makaratasi tu lakini siku foleni itafika kilomita mbili ndio utajua kwa nini ulihitaji askari mmoja pale.

Alafu tembea. Namaanisha kwa miguu, si kupita na pikap ukiwa umefungua dirisha. Tembea kilomita moja kila upande wa kazi, asubuhi watoto wakienda shule na tena jioni, na uandike: kona iko wapi, kilima kinafichia wapi, steji ya boda, shule, kanisa, nyaya za stima zinazokatiza juu. Angalia na jua pia. Ile ya kutoka Kisumu kwenda Busia, saa kumi na moja jioni jua liko machoni mwa dereva kabisa, unaweza vaa rifleka mbili, zile fulana za kung'aa, na asikuone. Uliza mama yeyote hapo siku ya soko ni gani, juu ukifunga leni siku ya soko umetafuta shida mwenyewe.

Kitu cha kuogopa zaidi huku kwetu ni mteremko. Mnakumbuka Londiani Junction tarehe 30 Juni 2023, lori ilishuka ikakosa kusimama ikapitia watu wa steji na wachuuzi kando ya barabara, zaidi ya 50 wakafa. Haikuwa saiti ya ujenzi ile, lakini funzo la mtu wa saiti liko pale wazi, usikusanye watu wala foleni mahali ambapo lori iliyochoka breki inaishia. Na pale Salgaa kila mtu anajua ile tabia ya madereva wa trela kuweka fri (kutoa gia) wakishuka ndio diseli isiishe, trela ikiwa fri breki peke yake ndio inabeba tani zote, inachemka, inaisha nguvu. Sasa wewe weka kibao chako cha kusimamisha magari chini ya kilima kama hicho uone. Kama kazi iko chini kwa bonde, foleni ya upande wa kushuka isimamishe juu kabisa kabla mteremko haujaanza, hata kama itamaanisha mtu wa bendera anakaa mbali na wenzake na anahitaji woki-toki. Ikishindikana kabisa, upande huo fanya kazi ya saa chache magari yakiwa machache na uweke askari juu.

Hesabu ya mita, usiikimbie

Kwa sheria yetu mjini ni 50, matatu na malori ni 80 nje ya mji, gari ndogo mpaka 110. Gari ya 80 inakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde 2 kushtuka na kupeleka mguu kwa breki, mita 44 zimeenda na gari haijapunguza chochote, alafu ya kusimama kabisa ni kama mita 40 hivi kwa lami kavu na tairi nzuri. Jumla unaona ni kama uwanja wa mpira karibu mzima. Na hio ni gari ndogo ya mtu aliyelala vizuri, lori iliyobeba miwa ongeza mwenyewe, mvua ya saa tisa ya Kericho ongeza tena.

Ndio maana nje ya mji mimi huweka vibao vitatu, cha kwanza kama mita 600 kutoka kwa kazi, cha pili 400, cha tatu 200. Mjini, tuseme Kondele au hapa Nakuru karibu na Section 58, 150, 100 na 50 zinatosha juu huko gari zenyewe zinatambaa. Mpango uliopitishwa ukisema zaidi fuata mpango. Cha kwanza kinaambia dereva kuna kazi, cha pili kinamwambia ni nini anatakiwa kufanya (leni inafungwa, au jiandae kusimama), cha tatu ni spidi. Usijaze vibao kumi mahali pamoja, hakuna mtu anasoma gazeti akiendesha.

Sasa hapa ndio watu wengi hukosea, hata mainjinia. Hizo mita unapima kutoka wapi? Si kutoka kwa koni. Pima kutoka mkia wa foleni. Saa mbili asubuhi foleni iko na magari manne, kibao cha mita 600 kinasema kweli. Saa tano foleni imefika gari sitini, imepita kibao cha tatu, imepita cha pili, dereva anayetoka kona anakuta trela imesimama mbele yake na kibao cha kumwambia ajiandae kusimama bado hajakiona. Kile kibao kishakuwa mwongo na hakuna aliyekigusa. Weka mtu mmoja, kazi yake siku nzima ni kuangalia mkia na kurudisha vibao nyuma. Fomeni atakwambia huyo mtu anakaa bure. Mwache aseme.

Baada ya vibao inakuja laini ya koni inayosukuma magari kutoka leni moja kwenda nyingine. Kama magari yanaingiliana bila kusimama, kwa mfano pale barabara ina leni mbili kila upande, hio laini lazima iwe ndefu. Kwa hesabu ya Wamarekani, leni ya mita 3.5 na spidi ya 80 inataka kama mita 175, spidi ya 50 inataka kama mita 56. Koni ziachane mita 15 kwa spidi ya 80, mita 9 au 10 kwa 50. Lakini kama kuna mtu wa bendera anasimamisha na kuachilia zamu kwa zamu, fanya laini fupi tu, mita 15 mpaka 30, ndio dereva aone ukuta mbele na ajue hapa ni kusimama. Ukimwekea ndefu hapo atadhani anaweza teleza apite.

Alafu acha nafasi tupu kati ya hizo koni na watu wenyewe. Tupu kabisa. Hio ndio nafasi ya mtu aliyekosea, dereva amelala au breki imekataa, agonge koni na hewa kabla hajafikia mgongo wa fundi. Na ni hio nafasi kila mtu huitamani. Injinia anaona pa kupaki pikap, mafundi wanaona pa kurundika kokoto, na kufika saa nne mama wa uji ameweka jiko na benchi katikati juu ni mahali pametulia hakuna gari inapita. Mama wa uji huyo usimfukuze kama mwizi, mnamhitaji na yeye anawahitaji. Mwonyeshe mahali nyuma ya mashine, ng'ambo ya mtaro, mwambie "mama, hapa ni pa gari yenye haijafika."

Vibao na koni zikipangwa, anza na kibao cha mbali kabisa ukija kuelekea kazi, pikap ikiwa na taa ya kumeta na mtu mmoja kazi yake ni kuangalia magari tu. Usianze na koni za katikati ati vibao vitakuja baadaye, hizo dakika ishirini za "baadaye" ndizo hatari kuliko siku yote.

Mtu wa bendera

Huyu ndio analindwa mwisho na analipwa chini kuliko wote. Kama ni wewe unasoma hii, shika haya.

Simama pembeni, kwa bega la barabara, si katikati ya leni. Unaingia katikati kidogo baada ya gari ya kwanza kusimama kabisa, ndio za nyuma zikuone. Simama peke yako, ukisimama na kikundi cha watu watatu wanapiga stori dereva anaona wapita njia. Usisimame kwa kivuli cha mti, najua jua la Ahero, lakini mtu aliye kwa kivuli haonekani na dereva aliye kwa jua. Angalia nyuma yako kuna rangi gani: rifleka ya kijani-njano ndani ya majani chai ya Kericho inapotea kabisa, hapo vaa ya machungwa. Kabla hujasimamisha gari ya kwanza, chagua pa kurukia. Jaribu kuruka mara moja, kweli, uone kama kuna mtaro wa futi sita uliofunikwa na nyasi. Simu kwa mfuko, masikioni usiweke kitu. Na baada ya masaa mawili ubadilishwe, macho huchoka ukiangalia magari, unaanza kuyaona kama picha.

Kibao cha STOP upande mmoja na GO upande mwingine ni bora mara kumi kuliko bendera, bendera upepo ukiipiga kila mtu anaisoma vile anataka.

Urefu wa kipande mnachofunga nao ni usalama, watu husahau. Mita 300 gari zikitembea 20 kwa saa, ya mwisho inatoka baada ya kama sekunde 54. Kilomita moja, ni dakika 3, weka na muda wa foleni yenyewe kupita, upande ule mwingine unangoja dakika nane, kumi. Na dereva wetu akingoja dakika kumi mnajua anafanya nini, anaovalapu. Wa kwanza anatoka kwa laini anakuja mbele upande wa kulia, wengine ishirini wanamfuata, na ukiachilia upande ule hakuna pa kupita, barabara imezibwa kama chupa. Usilaumu ovalapu tu, punguza kipande kiwe mita 300 mpaka 500. Kontrakta anataka kufungua ndefu ndio kazi iende haraka lakini masaa mnapoteza mkitatua hio fujo ni mengi.

Sasa nawaambia ya Probox. Tulikuwa wawili na woki-toki, kona katikati hatuonani. Mtindo wetu ulikuwa yule anaachilia anamwambia mwenzake gari ya mwisho ni gani. Nikasema "ya mwisho ni Probox nyeupe." Mwenzangu akaona Probox nyeupe inatoka, akageuza kibao akaachilia wake. Shida ni kwamba kwa ile foleni kulikuwa na Probox nyeupe tatu, na yeye aliona ya kwanza. Trela ya kutoka Busia ikakutana uso kwa uso na matatu kwa leni moja, upande mmoja mtaro umechimbwa, upande mwingine rola. Hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu, lakini kurudisha trela nyuma kwa ile kona ilitumia saa moja na nusu na matusi ya lugha nne. Tangu siku hio hatusemi rangi wala aina. Tunasema namba zote tatu na herufi ya mwisho ya kibao cha gari, mwenzako anarudia vile amesikia, unasema "sawa" ndio anageuza. Betri ya woki-toki ikiisha kuna njia ya wazee: gari ya mwisho unaipatia kijiti kilichopakwa rangi, inapeleka kwa mwenzako, bila kijiti mkononi hakuna kuachilia. Kijiti kimoja tu, mkitengeneza viwili mmejidanganya. Mara moja matatu ilienda nacho mpaka Mbale, tukangoja boda akifuate. Tulingoja.

Mashine zenu wenyewe

Watu wa saiti huogopa matatu, na kweli, lakini wengi wanaoumia ndani ya koni wanaumizwa na tipa na rola ya kampuni yao. Rafiki yangu mmoja alipoteza vidole vya mguu hivyo, tipa inarudi nyuma kumwaga kokoto na yeye ameinama anavuta kamba ya kupimia. Ile kelele ya kurudi nyuma haikulia. Tulipoangalia, waya ulikuwa umekatwa safi na plaisi, dereva alisema inamuumiza kichwa siku nzima. Fomeni alikuwa anajua. Siku hizi kila asubuhi kabla mashine iwashwe naiambia kila tipa irudi nyuma hatua tatu niisikie, na isiyolia inabaki imepaki, ikileta kelele kwa ofisi kelele iwe yangu.

Tipa isirudi nyuma bila mtu mmoja wa kuielekeza, na awe mmoja tu. Watano wakipiga "kuja kuja kuja" dereva anafuata yule wa sauti kubwa. Yule mwelekezaji asimame pale anaona dereva kwa kioo, na dereva akimkosa kwa kioo anasimama hapo hapo, hata kama imebaki futi mbili. Kwa mashine kubwa kama shavo au greda usipite karibu mpaka opareta akuangalie na akuinulie mkono. Kulala chini ya tipa saa saba ukitafuta kivuli sitaki hata kuandika, lakini nimekuta watu huko.

Tipa ikiinua kisanduku angalia juu. Waya za stima haziulizi, na dereva akigusa waya abaki ndani ya gari asishuke mpaka stima izimwe, kama gari inawaka moto na lazima atoke basi aruke mbali miguu pamoja, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja.

Lami ya moto inafika ikiwa kama nyuzi 140 mpaka 160. Mikono mirefu ya pamba, gambuti au buti ngumu, glavu, na suruali ikae nje ya buti ndio lami isiingie ndani. Ikikushika ngozi, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 na usiibandue, ukivuta inakuja na ngozi, waachie hospitali. Kwa hivo ndoo za maji safi ziwe pale pale kwa kazi, si kwa kambi kilomita tatu. Mtaro ukipita mita 1.5 uwekewe vizuizi vya pembeni au ukatwe kwa mteremko, ngazi iwe ndani, na udongo uliochimbwa usiurundike mdomoni mwa shimo. Kwa ule udongo mweusi wa Kano, ukikauka unasimama kama ukuta unakudanganya, mvua ikiugusa unakuja wote.

Helmeti, rifleka, buti: mwajiri ndio anatoa, ile sheria ya usalama kazini ya 2007 iko wazi, na saiti yenye watu 20 kwenda juu lazima iwe na kamati ya usalama na wafanyakazi wenyewe wawe ndani. Ulizeni yenu inakutana lini. Na kila asubuhi dakika kumi za tulboksi, kile kikao kifupi cha usalama, lakini iwe ya leo, si ile ya kusoma karatasi: leo tunafungua upande gani, tipa zinaingilia wapi, nani yuko mkia.

Boda, wachuuzi, watoto

Ukifunga barabara bila kupanga boda umefunga nusu tu. Boda anapita kati ya koni, anapita kwa lami mbichi, anapita chini ya mkono wa shavo. Kupiga kelele nimejaribu miaka mingi haijasaidia. Kilichosaidia ni kwenda kwa mwenyekiti wa steji siku mbili kabla, mkae mnywe chai, umwonyeshe mahali umewaachia njia yao nyembamba upande wa mbali na mashine, na umuombe vijana wawili wa steji yake wafanye kazi ya bendera kwa malipo. Boda anamheshimu boda mwenzake aliyevaa rifleka kuliko anavyoniheshimu mimi.

Na mkisimamisha magari mmefungua soko. Ndani ya saa moja wenye mahindi choma, njugu na maji ya chupa wako kati ya magari, na ukigeuza GO wanakimbia pembeni na chenji haijarudi, matatu ishang'oa. Nilichofanya sehemu moja karibu na Awasi ni kukubaliana nao ishara, mtu wa bendera anapiga filimbi sekunde ishirini kabla ya kuachilia, wote watoke. Walishika hio filimbi haraka kuliko madereva.

Watoto wa shule wapate njia ya miguu iliyo kavu na yenye kamba, na mtu wa kuwavusha saa ya kuingia na ya kutoka. Mtoto akikuta njia yenu ni tope atatembea kwa lami.

Giza likiingia

Hapa ndio naona uchungu. Rundo la maramu limeachwa leni ya kushoto, mbele yake wameweka matawi mawili ya mti, basi wameenda nyumbani. Tawi la asubuhi ni kijani, saa mbili usiku ni kivuli tu. Na mawe ya kushikilia kibao yakibaki barabarani yanakuwa ajali yao wenyewe. Kama kitu hakiwezi kutolewa kabla ya giza, kiwekewe koni zenye mkanda unaong'aa, taa za kumeta za sola, na mlinzi anayelala mchana. Ukungu wa Mau Summit na Timboroa unaweza meza hata taa, huko bora leni ifunguliwe kabisa usiku.

Vibao vya chuma huibwa, vinaenda kwa wa vyuma chakavu. Tumia plastiki au mbao iliyobandikwa karatasi inayong'aa, haina bei kwa mizani. Na daivasheni (njia ya muda) ya vumbi imwagiwe maji na bauza, lori la maji, asubuhi na mchana, vumbi likipanda ni ukungu mwingine. Mkijenga tuta la muda, pakeni rangi na muweke kibao siku hio hio. Tuta bila rangi limetupa watu wa boda wengi sana.

Wewe unayeendesha

Ukiona kibao cha kwanza toa mguu kwa mafuta hapo hapo, usingoje kuona mtu. Ukiwa wa mwisho kwa foleni washa taa za hazadi, acha nafasi ya gari moja mbele yako, na uangalie kioo cha nyuma mpaka mwingine asimame nyuma yako, kama huyo anakuja vibaya una pa kuhepea. Usiovalapu. Usifuate vumbi la lori, ngoja litulie.

Kokoto mpya juu ya lami, endesha pole, jiwe likirushwa na tairi linaua kioo cha mwenzako na yeye chako. Na ile kingo kali kati ya lami ya zamani na safu mpya, gurudumu la kushoto likishuka usivute usukani kwa nguvu, gari itaruka upande wa pili ikutane na mwingine. Punguza spidi kwanza kabisa, shika usukani uwe wima, alafu panda pole pole. Kwa boda kingo hio ni mtego, ipande ukiikata kwa pembe, si ukienda sambamba nayo. Wanaosafiri Nakuru–Nairobi zoeeni haya, upanuzi wa Rironi–Mau Summit uliozinduliwa 2025 si wa mwezi mmoja.

Mtu wa bendera akikusimamisha usimwulize "mpaka saa ngapi" ukimsukuma na bampa. Na ukiona kibao kimeanguka au cha uongo, simama mbali kidogo, mwambie yeyote mwenye rifleka. Kuna dereva mmoja wa tanki alituambia kibao chetu kimegeuka kinaangalia shamba la miwa, upepo ulikuwa umekizungusha, na sisi tumepita hapo mara tano.

Ikitokea imetokea

Simamisha pande zote mbili kwanza, la sivyo mtapata ajali ya pili juu ya ya kwanza. Mmoja apige 999 au 112, mmoja aende barabarani kuelekeza ambulensi, na aliyefunzwa huduma ya kwanza ndio amguse majeruhi. Usimvute mtu aliyeumia mgongo kumweka kwa pikap kama gunia, isipokuwa kuna moto. Namba za hospitali ya karibu ziandikwe kwa mlango wa kontena, si kwa simu ya mtu mmoja aliye likizo.

Kifo kikitokea mwajiri anatakiwa kuambia afisa wa usalama kazini wa eneo ndani ya saa 24, na maandishi ndani ya siku 7. Fidia iko chini ya WIBA, ile sheria ya fidia ya walioumia kazini, nayo ni ya 2007, na kwa kifo au ulemavu kamili hesabu yake ni mapato ya miezi 96. Ndio maana nasema jina lako liandikwe kwa rejista kila asubuhi kabla hujashika sepetu, hata kama unalipwa kwa siku, na upige picha ya hio karatasi.

Kufunga siku

Saa kumi na nusu, anza kutoa kinyume na vile uliweka: koni za upande wa kazi kwanza, ukirudi nyuma mpaka kibao cha mbali kabisa, taa ya pikap ikimeta. Hesabu kila kitu, andika. Kile kinabaki usiku kibaki kwa sababu, na kile kazi yake imeisha kigeuzwe au kifunikwe na gunia ndio kisidanganye mtu. Jumamosi nafanya hio mwenyewe, situmi mtu, napita na pikap mpaka mita 600 upande wa Kisumu, nageuza, napitia upande wa Kakamega, na kile kibao cha mwisho nakilaza nyuma ya gari.